Miezi ya Farasi

Usa River, Arusha
9 Juni 1985

Dada yangu Nyirabahire,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama itakukuta umeninunia kwa kukaa kimya tangu mwisho wa Aprili, basi maliza kununa kisha usome. Mimi ni mzima. Safari ilikuwa ndefu: meli mpaka Mwanza, kisha mabasi mawili yaliyokuwa yakiharibika kwa zamu. Msalimie baba. Macho yake yanaendeleaje? Na yule ndama wa ng'ombe wetu Bihogo ameacha kuharisha? Msalimie na Mukabera.

Placidius, mtoto wa jirani yetu Melkiory, alinipokea vizuri akanitafutia kazi kama alivyoahidi. Ila si kazi ya ng'ombe. Ni ya farasi. Usicheke. Mwenye shamba ni mama mmoja Mgiriki, mjane, na farasi ndio watoto wake. Mimi naosha, nalisha, natoa mavi, natembeza. Kwa mtu aliyekulia kwenye pembe ndefu, farasi anaonekana kama mnyama aliyenyang'anywa kitu kichwani. Nimeanza kumzoea. Jioni wenzangu, ambao ni Wameru wa hapa hapa, wanakwenda makwao, nami nabaki bandani. Nawasemesha farasi kwa Kinyarwanda kwa sababu hakuna mwingine wa kuniitikia. Wanageuza masikio.

Yupo jike mmoja wa rangi ya kahawia, anaitwa Dora. Miaka mitatu alipandishwa na dume la hapa bila kushika mimba. Wakasema ni tasa, ikabaki kidogo auzwe. Akaja bwana mifugo, akawapima wote wawili, akasema jike ni mzima. Basi likaletwa dume jingine, jeupe, kutoka shamba la upande wa Karatu, likakaa hapa kwa muda mwezi uliopita, likarudishwa kwao. Sasa Dora ana mimba. Yule dume wa hapa bado yupo, anakula vizuri, anapandwa na watu kila Jumapili, hakuna aliyemfukuza wala kumcheka. Jambo hili nimelifikiria sana.

Mama mwenye shamba amenikabidhi Dora mpaka azae. Akishazaa nitaomba likizo nije nyumbani.

Msomee Mukabera barua hii. Mwambie nilimwacha bila kuaga vizuri kwa sababu sikuwa na maneno, si kwa sababu ya hasira. Miaka saba ya ndoa bila mtoto imenifanya niwe mtu wa kutazama chini, nawe umeniona.

Mdogo wako,
Mbonimpa


Bugomora, Karagwe
15 Septemba 1985

Mdogo wangu Mbonimpa,

Marahaba. Milele amina. Nimekaa muda kabla ya kujibu, ili nawe uonje. Tulio hai ni wazima. Baba anasema macho yake yana ukungu wa Januari mwaka mzima, lakini akisikia mtu anakata mkungu kwenye kibanja chake anajua ni mkungu upi. Ndama alipona, sasa anapiga wenzake. Sabuni imeadimika hapa mpaka tunafulia majivu. Kahawa imezaa vizuri mwaka huu, mikono ya kuichuma ndiyo haipo, maana wewe umekwenda kuwaogesha wanyama wa Wagiriki. Mimi na ujane wangu huu ndio tumekuwa mwanamume wa nyumba.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Julai. Nilimsomea Mukabera tukiwa tunamenya ndizi. Alimenya tu mpaka nikafika pale kwenye dume jeupe. Akasema, "Rudia hapo, wifi." Nikarudia. Akaniuliza, "Ameandika hivyo mwenyewe, au wewe unaongeza chumvi?" Nikamwambia mimi nilijifunza kusoma ukubwani kwenye kisomo, sijafika darasa la kuongeza. Akanyanyuka, akachukua ndoo kwenda kisimani, na ndoo ilikuwa tayari imejaa maji.

Sasa sikiliza neno langu. Njoo. Njoo mwezi huu, au Oktoba usipite. Kaa hata siku chache, ulale kwako, watu wakuone ukipita njiani na kusalimia, halafu urudi kwa farasi wako. Usiniulize sababu, kwani karatasi hupita mikono mingi kabla ya kufika. Mukabera hajambo, ila asubuhi chakula hakikai tumboni.

Wewe ni mtoto wa mfugaji. Sina haja ya kukuongezea.

Dada yako,
Nyirabahire


Usa River
27 Oktoba 1985

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nafurahi kwamba ndama amepona na kahawa ni nzuri.

Sitaweza kuja sasa. Dora amefikia nusu ya safari yake na mama mwenye shamba hamwamini mtu mwingine. Tumbo bado halionekani sana, maana mtoto wa farasi hukua zaidi miezi ya mwisho. Namtembeza taratibu asubuhi na jioni. Hapaswi kuchoshwa, lakini pia hapaswi kulala bandani kutwa, miguu itavimba. Simpi majani yenye ukungu, yanaharibu mimba. Kwa hiyo unaona nina kazi.

Mwambie Mukabera ale ndizi za kuchoma asubuhi kabla hajainuka. Mama yetu alikuwa akifanya hivyo.

Nitakuja Dora akishazaa, kama nilivyosema.

Mbonimpa


Bugomora
23 Februari 1986

Mbonimpa,

Sikusalimii. Ukitaka salamu mwombe farasi.

Ulisema utakuja akishazaa. Ulisema alishika mimba mwezi Mei. Mimi na baba tulikaa kibarazani tukahesabu: kutoka Mei miezi tisa ni Februari. Ng'ombe ni miezi tisa. Mtu ni miezi tisa. Baba, ambaye amezalisha ng'ombe tangu Rwanda mpaka tulipovuka kuja huku, alisema mnyama mwenye kwato na ziwa hawezi kuwa na desturi tofauti, basi tukaamini. Tukafukia ndizi zikaiva, jirani Kashaija akaja kutusaidia kuzikamua, pombe ya rubisi ikajaa mtumbwi mzima wa kukamulia. Nikamwagiza binti yake Deodatha afagie njia. Siku mbili nilikwenda Nkwenda kusimama barabarani nikingoja gari. Lori moja lilinimwagia matope, jingine lilikuwa la mbao.

Siku ya tatu rubisi ikaanza kuwa kali. Wewe unajua rubisi haimngoji mtu. Jirani wote wakaja wakainywa, wakaimba, wakakusifu kwa jina lako na la babu yako, kisha wakaenda makwao wakipepesuka. Wamelewa kwa heshima yako na wewe hukuwepo. Baba alikaa ndani, hakugusa kibuyu.

Mukabera hakutoka nje siku zile zote. Ungekuja ungejionea mwenyewe kwa nini. Jirani wameshajionea, nao hawana haja ya mimi kuwaeleza. Wakipita wanasalimia tumbo kwanza, kisha mtu.

Nilitaka uwepo. Hilo tu. Nilitaka awepo mwanamume wa kusimama mlangoni saa itakapofika, asiwe mzee asiyeona.

Nyirabahire


Usa River
24 Machi 1986

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, hata kama hutaki kuitikia. Naomba radhi kwa baba kuhusu rubisi, nakuomba radhi na wewe kwa matope ya Nkwenda.

Farasi si kama ng'ombe. Farasi hubeba miezi kumi na moja. Wengine huvuta mpaka wakakaribia kumi na mbili na hakuna anayeshangaa, wala haitwi mtu kuangalia. Mzee Nanyaro, mkubwa wetu hapa bandani, anasema farasi jike anajua siku yake peke yake na haiambii hata nyota. Ilinipasa kuwaeleza tangu mwanzo. Sikuwaza kwamba mngehesabu kwa ng'ombe, ingawa ni kweli, sisi tunahesabu kila kitu kwa ng'ombe.

Kwa hiyo Dora atazaa Aprili. Sasa tumbo limeshuka, ubavuni naona mtoto akisukuma. Nikiweka kiganja ananipiga teke, na mimi namwambia taratibu, mwana wa watu.

Ya huko kwetu nimeyasoma. Siulizi chochote, na wewe usiniambie.

Huku mvua zimeanza. Kibanda changu kinavuja upande wa miguu, nimegeuza kitanda.

Mbonimpa


Bugomora
20 Aprili 1986

Mdogo wangu, mwana wa mama,

Salamu ninakupa, kwa sababu leo nina shida nawe. Baba anakusalimia. Bihogo ana mimba nyingine, ya miezi ya kwetu. Sukari haijaonekana tangu Noeli. Mgomba ule mkubwa nyuma ya jiko umeangushwa na upepo, tumekula ndizi zake changa.

Mukabera amejifungua Ijumaa Kuu mtoto wa kiume. Ana vidole virefu na sauti ya kuamsha ukoo. Mama yake hajambo. Aliteseka tangu alfajiri, Eustadia mkunga akawa naye, mimi nikawa mlangoni, mahali pako.

Sasa wewe uliondoka mwisho wa Aprili mwaka jana, na kijiji hiki kinajua kuhesabu. Wanaume walikuja kumwona baba wakiwa na nyuso za msiba. Nikasimama mbele yao, nikaitoa barua yako ya Machi, nikawasomea kwa sauti: miezi kumi na moja, na hakuna anayeshangaa. Nikawaambia, mdogo wangu anaishi na viumbe wa namna hiyo, amekula nao, amelala nao, nani ajuaye kilichompata? Kashaija alitazama paa. Eustadia alikohoa mpaka akatoka nje. Baba alisema, "Ng'ombe nimewafuga tangu utoto. Farasi sijawahi kumfuga, kwa hiyo sibishi." Wakakaa kidogo wakaondoka. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia.

Walipokwisha kuondoka baba aliniita. Alisema hivi, nami nakuandikia neno kwa neno. Baba wa mtoto ni yule anayempa jina. Mbonimpa akileta jina, huyu ni mjukuu wangu, na atakayeuliza zaidi atoke kwangu. Asipolileta, kahawa ikishaanuliwa, Mukabera atarudi Rugera kwa kaka yake Xaveri, yeye na mtoto wake, na sitalala nyumba moja na aibu hiyo.

Unajua desturi. Siku ya nane mama hutoka nje na mtoto, watoto wa jirani hulishwa, kila mmoja humwita jina lake la kuchezea, na baba husema la mwisho, ambalo ndilo hubaki. Siku ya nane imepita. Mukabera alitoka peke yake nyuma ya nyumba, akaenda kupalilia maharage akiwa na mtoto mgongoni, kama mtu aliyeiba. Ubatizo nao unangoja. Katekista amekuja mara mbili na kitabu chake, akaondoka.

Leta jina, au njoo ulitamke mwenyewe. Moja kati ya hayo. Nakuomba, na unajua mimi si mwombaji.

Dada yako,
Nyirabahire


Usa River
25 Mei 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa afya ya wote. Pole kwa mgomba.

Dora amezaa. Siku moja kabla, kwenye chuchu zake palitokea matone kama nta ya nyuki, Mzee Nanyaro akasema hapo ndipo uache kulala. Nikakaa naye. Nilimkanda mgongo, nikamsemesha. Hakuzaa. Farasi huzuia mpaka watu waondoke. Kulipopambazuka nikaenda kuchemsha chai, na chai haijachemka nikasikia kimya cha ajabu bandani. Nilipofika mtoto alikuwa ameshalala kwenye majani makavu, ana maji mwilini, na Dora amegeuza shingo anamtazama. Miezi yote hii nimemngoja, na amenichagulia muda wa chai.

Ni dume. Miguu yake ni mirefu kama ya mama yake, ni mwili tu ndio umesahaulika. Alijaribu kusimama akaanguka kwa pua, akajaribu akaanguka kwa makalio, na kabla jua halijapanda alikuwa amesimama amepanua miguu minne pande nne. Akatafuta ziwa kwenye goti, kwenye kifua, ukutani, hata kwangu. Nikamsogeza. Lazima apate dang'a, yale maziwa ya kwanza, mapema, asipoipata hatakuwa na nguvu ya kupambana na maradhi. Alipoanza kunyonya mkia wake ulichezacheza.

Ni mweusi. Hapo nilishangaa. Baba mweupe, mama wa kahawia, huyu mweusi ametoka wapi? Nilimwuliza Mzee Nanyaro, akacheka sana. Akasema watoto wa farasi weupe huzaliwa na giza, kisha rangi hutoka pole pole mwaka hadi mwaka, mwingine haumalizi weupe wake mpaka amekuwa mzee. Anayetaka kujua mtoto ni wa nani kwa kumtazama siku ya kwanza, anajisumbua.

Sasa ana mwezi. Anakula mavi ya mama yake, usitapike, ndivyo tumbo lake linavyojifunza majani. Ananyonya kila saa. Anakimbia kumzunguka Dora, akienda mbali kidogo anaogopa mwenyewe na kurudi. Atanyonya mpaka miezi sita, ndipo tutawatenganisha, na Mzee Nanyaro anasema siku hizo hakuna anayeweza kukaa karibu na banda kwa jinsi wanavyoitana. Hatabeba mtu mgongoni mpaka afike miaka mitatu, au zaidi, mifupa ikomae. Mama mwenye shamba amempa jina la Niko siku ya pili tu.

Nafikiri hiyo ndiyo habari yangu. Msalimie baba. Wasalimie wote wa nyumbani.

Mbonimpa


Bugomora
22 Juni 1986

Mbonimpa,

Kurasa tatu. Nimezigeuza, nimezitikisa, nimetazama ndani ya bahasha. Mkia wa mtoto wa farasi umo, mavi yake yamo, rangi yake mpaka uzeeni imo. Mtoto wa Mukabera hayumo.

Mtoto wa farasi kapewa jina siku ya pili. Wetu ana karibu miezi mitatu na anaitwa Huyu. "Mbebe Huyu." "Huyu analia." Ameanza kucheka, na akicheka anatazama kila anayeingia kana kwamba kila mtu ndiye aliyemleta.

Kahawa iko uani. Baba huipapasa kila asubuhi kwa kiganja kujua imekauka kiasi gani, na mimi huimwagia maji kidogo akishapita. Sasa unajua dada yako amefikia wapi. Xaveri ameleta ujumbe kwamba atakuja na baiskeli kuchukua mzigo wa dada yake akiitwa tu. Mukabera ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, zipo chini ya kitanda. Haombi kitu. Anafanya kazi kama mgeni anayetaka kuacha nyumba ikiwa safi.

Sisemi ni nani. Hukuuliza, na hata ungeuliza nisingesema. Alipita, hayupo, hatarudi. Nakuuliza wewe swali moja. Ile barua ya kwanza, ile ya dume jeupe, uliiandika ili tujue habari za farasi, au uliiandika kwa ajili ya Mukabera? Maana yeye alikusikia unazungumza naye. Kama ulizungumza naye, sasa maliza maneno yako. Kama hukuzungumza naye, niambie nami, ili nijue mwanamke huyu anafukuzwa kwa kosa gani.

Nyirabahire


Usa River
20 Julai 1986

Dada yangu Nyirabahire,

Shikamoo. Barua yako imenikuta Jumamosi, nimeibeba mfukoni kwa muda mrefu nikiwa kazini.

Ndiyo. Nilikuwa nazungumza naye. Nilijua hajui kusoma, nilijua ni wewe utakayemsomea, na nilijua wewe huruki mstari. Kusema naye uso kwa uso nilishindwa kwa miaka saba. Kila mwaka mama yake alimtafutia dawa, akanywa mizizi michungu mbele yangu, na mimi nikanyamaza, nikijua moyoni kwamba huenda dawa ile ilipaswa kuwa kikombe changu. Nilipoliona lile dume la hapa likila majani yake kwa raha, nikaona namna ya kusema. Sikujua kama atasikia. Halafu ukaandika kwamba ndoo ilikuwa imejaa.

Oktoba nilifunga mzigo. Nilifika stendi ya Arusha, nikakata tikiti. Gari lilipopiga honi nikashuka. Ningekuja wakati ule, ningekuja kulala naye ili hesabu za watu zikae sawa, na yeye angejua, na wewe ungejua. Sikutaka kuingia nyumbani kwangu kwa kazi hiyo. Nililala pale stendi, asubuhi nikarudi kwa Dora.

Jina ni Iyamuremye. Wewe sina haja ya kukufasiria. Katekista akiuliza mwambie maana yake ni "Yule aliyemuumba". Waite watoto wa jirani, wale washibe, waseme majina yao yote ya mchezo, usiwaharakishe. Kisha baba asimame aseme: Mbonimpa, baba wa mtoto huyu, amempa jina la Iyamuremye. Aseme hivyo hivyo, "baba wa mtoto huyu". Ninatuma na shati dogo, nililinunua Aprili, kabla hujanikasirikia kwa sababu ya jina. Nafikiri sasa halimtoshi.

Mimi sitakuja. Usitupe barua, sikiliza kwanza. Nikiwa huku, mtoto ni wangu. Hakuna atakayebisha, kwa sababu hakuna wa kumlinganisha naye. Siku nitakayokaa kibarazani naye magotini, Kashaija atatazama pua yangu, kisha pua yake. Eustadia atatazama masikio. Hawatakuwa na ubaya, macho ndivyo yalivyo. Na mimi mwenyewe nitatazama. Hilo ndilo naliogopa kuliko yote, dada, kwamba siku moja amekosea kitu kidogo tu, amemwaga maziwa, nami nitamtazama. Acha akue kwanza. Acha uso wake uwe wake mwenyewe, watu wauzoee, wasahau kutafuta mwingine ndani yake.

Ni upweke mkubwa, siwezi kukuficha. Jioni hapa hakuna mtu. Nalisema jina lake kwa sauti nikizima taa, nijizoeze. Nitatuma nguo kila Noeli, na nikipata picha nitatuma picha, nanyi mtumie yake.

Mwambie Mukabera afungue kile kitenge.

Mdogo wako,
Mbonimpa


Bugomora
31 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Baba hajambo, meno yanamsumbua. Bihogo amezaa jike, salama. Kahawa tumeipeleka chama cha ushirika, wakalalamika kwamba ina unyevu, nikatazama pembeni.

Tulifanya Jumapili iliyopita. Watoto walikuja wengi kuliko tuliowaita, wakala maharage na ndizi mpaka sufuria ikalia. Kisha wakampa majina. Mmoja alimwita Gari. Mmoja alimwita Askofu. Deodatha wa Kashaija alimwita Sukari, kwa sababu wiki ile sukari ilionekana dukani. Tulicheka sana. Baba akaomba asaidiwe kusimama, akashika fimbo, akasema kama ulivyotaka, "baba wa mtoto huyu", akalitamka jina. Akalirudia mara ya pili kwa nguvu zaidi, akiwageukia waliokuwa upande wa njia. Hakuna aliyekohoa. Xaveri alikuwepo na baiskeli yake. Alikunywa, akampakata mpwa wake kidogo, kisha akarudi Rugera na baiskeli tupu. Shati halikumtosha, tumemvisha hivyo hivyo bila kufunga vifungo. Ubatizo ni mwezi ujao.

Barua yako nilimsomea Mukabera yote, hata pale unaposema hutakuja, hata habari ya pua na masikio. Sikuruka. Safari hii hakuniambia nirudie. Alichukua kile kitenge chini ya kitanda, akatoa nguo moja moja akazitundika mahali pake, na jioni akapika kama siku zote.

Leo nilipokaa kukuandikia nilimwuliza kama ana neno lake, maana tangu uondoke hajatuma neno hata moja, ni mimi tu ninayesema. Alikuwa ananyonyesha. Alifikiri mpaka mtoto akashiba na kulala. Kisha akaniambia niandike, nisiongeze wala nisipunguze:

"Mwambie namshukuru kwa jina. Mtoto sasa ana baba. Mimi bado sina mume."

Dada yako,
Nyirabahire